Vijiti Ishirini na Kimoja

Kila siku, saa kumi kamili alasiri, kazi zote nyumbani kwa fundi cherehani zilisimama kwa dakika moja. Cherehani ilinyamaza, redio ikazimwa, na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake akaombwa angoje kidogo mlangoni. Katika chumba cha mbele, kati ya meza ya kukatia nguo na dirisha, Mama alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akiwa na mabakuli mawili mbele yake. La kulia lilijaa vijiti vya mbao, kila kimoja kikiwa chembamba kama kidole cha mtoto mchanga. La kushoto lilikuwa tupu.

"Karani, uko tayari?" Mama aliuliza.

"Niko tayari. Haya, anza!"

Mama akaanza kuokota kijiti kimojakimoja kutoka bakuli la kulia na kukitia katika la kushoto. Binti yake alishika saa kuukuu ya Baba kwa mkono mmoja, macho yakicheza kati ya mshale wa sekunde na vidole vya Mama, huku midomo ikihesabu bila sauti. Dakika ilipokwisha alisema, "Basi!" Kisha akafungua daftari la jalada la bluu, akaandika tarehe na namba.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake halisi alikuwa nalo, lakini tangu hospitali ilipomkabidhi daftari lile, Baba alimwita Karani, na jina likamganda.

Mama alikuwa fundi wa kuandika mabango. Nusu ya vibao vya maduka katika mtaa wao viliandikwa kwa mkono wake: herufi nene, zilizonyooka, zenye kivuli chembamba upande mmoja. Siku moja, mwaka mmoja na nusu uliopita, ngazi iliteleza akiwa juu yake, usawa wa ghorofa ya kwanza. Alipozinduka hospitalini, hakuweza kuisikia miguu yake. Mikono iliinuka kutoka begani, lakini vidole vililegea kabisa.

"Vidole vyangu siku hizi ni kama watoto wa shule siku ya kwanza," Mama alipenda kutania. "Nawaita, wananitazama tu."

Daktari aliyekuwa akiongoza utafiti kule hospitalini alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, na aliwaeleza kwa lugha wanayoielewa. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, alisema, unapita mshipa mnene wa fahamu. Hiyo ndiyo njia ya habari zote zinazotoka kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni. Mama alipoanguka, mfupa wa shingo ulivunjika ukaubana mshipa huo. Haukukatika wote, lakini habari zilizokuwa zikipita kwa kishindo sasa zilipita kwa kunong'ona.

"Tuna mashine ndogo," Daktari alisema. "Inapeleka umeme kidogo sana kwenye ngozi ya shingo, kwa vibandiko, wakati mgonjwa anafanya mazoezi ya mikono. Tunadhani inausaidia mshipa kuzisikia zile habari zinazonong'ona."

"Mnadhani?" Baba aliuliza.

"Tunadhani. Tungekuwa tunajua, tusingewasumbua. Ndiyo maana unaitwa utafiti."

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Wiki sita za kwanza Mama angefanya mazoezi peke yake, bila mashine. Wiki sita zilizofuata angefanya mazoezi yaleyale akiwa na mashine. Kila siku mtu mmoja wa nyumbani angehesabu vijiti na kuandika. Mama mwenyewe hakutakiwa kuambiwa namba, asije akakata tamaa zikiwa ndogo au kujilazimisha kupita kiasi. Namba zilikuwa siri ya Karani na daftari lake, na kwa jambo hilo Karani alitembea kifua mbele mtaa mzima.

Mambo yaliharibika wiki ya pili, tena kwa maneno ya kusikia tu. Walikuwa wamekwenda hospitalini kuangaliwa ngozi ya Mama, maana anayekaa siku nzima kwenye kiti hupata vidonda bila kujua. Karani alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, na mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alimwambia mwenzake, "Nasikia wenye namba mbovu hawapewi mashine. Zenyewe ni chache. Watawapa wanaoonyesha matumaini."

Karani akafungua daftari. Namba za Mama zilikuwa kumi na sita, kumi na saba, kumi na sita. Je, hizo si namba mbovu?

Siku iliyofuata Mama alihamisha vijiti kumi na saba. Karani alikaa na kalamu mkononi kwa muda. Kisha akaandika kumi na nane.

Ni kimoja tu, alijiambia. Kijiti kimoja kitamdhuru nani?

Kesho yake akaongeza viwili. Wiki iliyofuata vitatu, kisha vitano. Hakumwuliza Daktari kama yale maneno ya ukumbini yalikuwa kweli. Hakumwuliza mtu yeyote. Wiki sita zilipokwisha, daftari lilisema ishirini na saba, na vidole vya Mama vilikuwa bado kwenye kumi na nane.

Siku hiyo Mama alipimwa hospitalini na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mmoja mrefu mwenye mikono mikubwa. Alipata kumi na nane. Yule kijana akatazama daftari, akakuna kichwa.

"Atakuwa amechoka na safari," alisema. "Watu wengi hufanya vizuri zaidi nyumbani kwao." Akaandika hivyo kwenye karatasi, kisha akawakabidhi mashine. Ilikuwa na ukubwa wa redio ndogo, nyaya mbili na vibandiko vinne.

Karani alipumua. Mashine imepatikana! Sasa angeandika ukweli. Lakini siku ya kwanza ya mashine Mama alihamisha vijiti kumi na tisa, na ukurasa wa jana yake ulisema ishirini na saba. Angeandikaje kumi na tisa? Wangeuliza namba imeangukia wapi. Basi akaandika ishirini na saba tena.

Wiki zikapita. Vidole vya Mama vilianza kuamka. Ishirini na moja, ishirini na nne. Siku moja Mama alifunga kifungo cha shati lake mwenyewe, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Baba aliacha cherehani ikazunguka bure.

"Hebu fungua ufunge tena," Baba alisema.

"Nenda kashone, bwana. Mimi si sarakasi," Mama alijibu, lakini akakifungua na kukifunga tena.

Wakati wote huo daftari lilisema ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na nane. Na siku ya mwisho Mama alipohamisha vijiti ishirini na vinane vya kweli, Karani aliandika ishirini na nane kwa mkono mwepesi. Ukweli umeufikia uongo, aliwaza. Hakuna atakayejua tena.

Walipokwenda hospitalini kwa kipimo cha mwisho, kulikuwa na mwanamume mmoja nyuma yao kwenye foleni. Alikuwa dereva wa malori, au ndivyo alivyokuwa kabla ya ajali yake, na kila mtu alimwita Dereva hadi leo. Naye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akiwa na daftari la bluu mapajani. Karani akamwamkia kwa heshima.

"Wewe ndiye karani wa mama?" Dereva aliuliza. "Mimi namba zangu anaandika mke wangu, leo tumemaliza ndipo ninaziona. Tazama maajabu haya." Akamsogezea daftari. "Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi. Kumi na moja. Wiki kumi na mbili! Hata gari bovu husogea likisukumwa, mimi nimegoma kabisa." Akacheka kwa sauti hadi muuguzi akageuka.

"Huogopi?" Karani aliuliza kwa sauti ndogo. "Hawatasema namba zako ni mbovu?"

Dereva aliacha kucheka. "Binti, hawa watu wananiuliza njia ikoje. Nikiwaambia barabara ni nzuri wakati kuna shimo, atakayekuja nyuma yangu ataingia mzimamzima. Shimo liko. Nimeliona. Nasema."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Mama alipimwa. Ishirini na vinane. Yule mtaalamu mrefu alipiga makofi, lakini Daktari hakupiga. Alikuwa ametandaza karatasi mbili mezani, na kwenye moja kulikuwa na mstari uliochorwa kutokana na namba za daftari. Katika wiki sita za kwanza mstari ulipanda kama mlima. Katika wiki sita za mashine ulilala chali.

"Kwa daftari hili," Daktari alisema polepole, "mazoezi peke yake yalimsaidia mama sana, na mashine haikumsaidia hata kidogo."

"Haikunisaidia?" Mama aliinua mikono yake. "Daktari, mimi nafunga vifungo!"

"Najua, mama. Ndiyo maana nashangaa. Siku ya mwisho ya wiki ya sita ulipata kumi na nane hapa, na daftari likasema ishirini na saba. Tukasema ni uchovu. Leo umepata ishirini na vinane, na daftari linasema ishirini na nane. Safari ni ileile. Uchovu umekwenda wapi?"

Baba akakohoa. "Ile saa yangu ni ya zamani mno," alisema. "Huenda ilikuwa inachelewa. Dakika yake ikawa dakika na nusu."

"Inawezekana," Daktari alisema, akamgeukia Karani. "Saa ilikuwa inachelewa?"

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Saa ingelaumiwa, nayo haina mdomo wa kujitetea. Karani alimtazama Mama, aliyekuwa bado ameinua mikono yake hewani, vidole vimekunjuka kidogo. Vidole vile vilifanya kazi kwa wiki sita kila siku, na daftari likasema havikufanya lolote.

"Saa ni nzima," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Ni mimi. Niliongeza. Mama alikuwa anapata kumi na saba, mimi naandika zaidi. Niliogopa hamtampa mashine. Halafu sikujua nitarudije nyuma."

Machozi yakamshinda. Baba alijishika kiuno akatazama dirishani. Mama akashusha mikono yake taratibu.

Daktari hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribiana.

"Nani alikuambia hatutampa mashine?"

"Nilisikia watu ukumbini."

"Kila mtu aliye kwenye utafiti huu anapata mashine, awe na namba tano au hamsini. Ungeniuliza, ningekujibu. Lakini sikiliza. Unajua ungekaa kimya ningeandika nini? Ningeandika kwamba mashine hii haikumfaa mama yako. Na mahali fulani kuna mtu atakayeanguka kutoka kwenye ngazi kama yeye, na daktari wake atasoma maneno yangu, atasema, tusihangaike. Ulitaka mama yako apate mashine, nusura uitupe jalalani."

Karani alifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa itakuwaje?"

Daktari alivuta pumzi. Namba zote za wiki kumi na mbili, alieleza, zingewekwa kando. Hazifai. Na sababu itaandikwa kama ilivyo. Mama angeweza kuishia hapo, au angeweza kuanza upya: wiki nne za kupumzika bila mashine, wiki sita za mazoezi peke yake, kisha wiki sita na mashine. Miezi minne. Na bila mashine, huenda vidole vikarudi nyuma kidogo.

"Hakuna atakayekulaumu ukikataa," Daktari alimwambia Mama.

Mama akamwita Karani karibu.

"Nikiandika kibao nikakosea herufi moja, huwa nafanya nini?"

"Unakwangua," Karani alisema.

"Napaka rangi juu yake?"

"Hapana. Ukipaka juu, jua likiwaka kosa linatokeza. Unakwangua kibao chote, unaanza upya."

"Basi ndilo hilo." Mama akamgeukia Daktari. "Tunaanza upya. Na anayehesabu ni yuleyule."

Daktari alisita. "Mama, labda baba yake..."

"Baba yake naye ahesabu, kwa karatasi yake, wakae mbalimbali kama wako kwenye mtihani. Lakini daftari litaandikwa na karani wangu. Aliyekosea herufi ndiye anayeiandika tena. Mimi waliojifunza mabango kwangu niliwafundisha hivyo."

Njiani kurudi nyumbani Mama hakusema neno, na ukimya huo ulimuuma Karani kuliko kugombezwa. Walipofika mlangoni ndipo Mama alisema, "Nimekasirika. Kesho nitakuwa nimekasirika kidogo. Keshokutwa utanisukuma twende sokoni." Na ikawa hivyohivyo.

Siku ya kwanza ya kuandika upya, baada ya zile wiki nne za kupumzika, Mama alihamisha vijiti ishirini na vitatu. Siku ya tatu ishirini na viwili. Wiki ya pili namba ikashuka tena. Karani alihesabu, na moyo wake ukashuka pamoja na kila kijiti kilichobaki ndani ya bakuli la kulia. Mama alitazama uso wa binti yake akaelewa bila kuambiwa.

"Ni ndogo?" aliuliza.

"Siruhusiwi kusema," Karani alijibu.

"Vizuri. Andika."

Karani akaandika: ishirini na moja. Tarakimu zilikaa wima. Baba alikuja na karatasi yake kutoka upande wa pili wa chumba, na namba ilikuwa ileile. Alimgusa tu binti yake kichwani kwa ncha ya tepu yake ya kupimia, akarudi kwenye cherehani.

Ilikaa hapo, ishirini na moja, ishirini, ishirini na moja, hadi wiki sita zikatimia. Kisha mashine ikarudi. Wiki ya kwanza, ishirini na tatu. Ya tatu, ishirini na saba. Siku ya mwisho, mbele ya yule mtaalamu mrefu na mbele ya Daktari, Mama alihamisha vijiti thelathini na vitatu. Daftari la nyumbani, lililoandikwa jana yake, lilisema thelathini na tatu vilevile. Safari hii Daktari alipiga makofi, tena akiwa amesimama.

Miezi michache baadaye wote walioshiriki waliitwa katika ukumbi wa hospitali, pamoja na familia zao, wakaambiwa kilichopatikana. Ukutani kulikuwa na picha kubwa yenye nukta ishirini na nne, kila nukta mtu mmoja. Aliyefaidika zaidi yuko juu, asiyefaidika yuko chini. Watu kumi na saba vidole vyao vilipata nguvu dhahiri walipotumia mashine. Wanne waliona nafuu ndogo. Watatu hawakuona lolote.

"Hii si tiba kamili," Daktari alisema. "Hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Lakini sasa hatudhani tu. Tuna namba, na namba hizi nazisimamia mbele ya daktari yeyote duniani, kwa sababu najua zilivyopatikana. Humu ndani kuna mama mmoja aliyefanya kazi yote mara mbili ili namba yake iwe safi. Hakulipwa chochote. Namshukuru yeye na nyumba yake nzima."

Ukumbi ukavuma kwa makofi. Mama hakuinama wala kujificha. Aliinua mkono wake wa kulia juu, vidole vyote vitano vimenyooka, na Baba akasahau kupiga makofi kwa kuvitazama.

Watu walipoanza kutawanyika, Karani alisogea ukutani. Alimkuta Dereva pale, shingo imeinuliwa kuelekea ile picha.

"Yupi mama yako?" Dereva aliuliza.

Karani akanyoosha kidole kwenye nukta ya tatu kutoka juu. "Yule. Kutoka ishirini na moja hadi thelathini na tatu. Niliihesabu mimi."

"Na mimi ni huyu hapa." Dereva aligusa nukta ya chini kabisa. "Sikusogea hata inchi."

"Pole," Karani alisema.

"Pole ya nini?" Dereva aliuliza, na hakuwa anatania. "Nilimwuliza Daktari, akaniambia sisi watatu wa chini mishipa yetu iliumia zaidi ya wengine. Wasingetujua, wangempa mashine hii kila mtu na kumdanganya. Sasa watu kama mimi watatafutiwa kitu kingine, tena mapema. Mama yako amewaonyesha pa kupita, mimi nimewaonyesha pasipopitika. Njia haikamiliki bila sisi wote wawili." Akamtazama Karani. "Nimesikia wewe ndiye uliyesema ukweli ule siku ile. Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mimi nimeendesha lori miaka ishirini na sita, na nimewajua watu wazima walioshindwa kusema 'nilikosea' hata mara moja. Kila mtu hukosea hesabu, binti yangu. Anayeaminika ni yule anayerudi kuisahihisha mwenyewe kabla haijamwumiza mtu. Shika hilo, utafika mbali."

Nyuma yao sauti ya Mama ilisikika ikimwita. Karani akageuka, akawaona wazazi wake mlangoni, Mama akiwa ameshika daftari la bluu kwa vidole vyake mwenyewe. Alimuaga Dereva kwa mikono miwili, akatembea kuelekea kwao kichwa juu, na safari hii hapakuwa na namba yoyote moyoni mwake ya kuficha.